Ngome ni Mawe au ni Watu?

Mjomba wangu hapa Bombambili alizungushia nyumba yake ukuta, juu akapachika vipande vya chupa. Usiku mmoja wezi wakaruka. Mjomba akapiga yowe, majirani wakaja mbio, wakakuta geti limefungwa. Wakabaki nje wakisikiliza anavyopigwa. Tangu siku hiyo najiuliza: hivi, ngome ni mawe au ni watu?

Tuitazame Kalenga, kule Iringa. Hapo Mtwa Mkwawa wa Wahehe, mahasimu wa zamani wa babu zetu Wangoni, aliweka makao yake makuu na kuyazungushia ukuta wa mawe. Alikuwa na sababu ya kujiamini. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, jeshi lake lilimuua kamanda wa Kijerumani, Zelewski, na kukisambaratisha kikosi chake. Lakini Wajerumani walirudi na mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 Kalenga ikaanguka.

Je, Mkwawa naye aliishia hapo? Hata! Alitoroka, akapigana karibu miaka minne bila ukuta wowote. Wajerumani walitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayemleta, lakini wengi walimficha na kumlisha. Alipozidiwa kabisa, tarehe 19 Julai 1898, alijipiga risasi mwenyewe.

Basi ngome ni watu. Lakini ngoja kwanza, usishangilie. Jiwe likipigwa haliumii, mtu anaumia. Waliomficha Mkwawa waliadhibiwa, wakachomewa nyumba na mashamba. Mtawala ana haki gani ya kuwafanya watu wake ukuta?

Mimi naona anayo haki hiyo iwapo tu naye yu tayari kuwa jiwe mojawapo. Hapa kwetu, wakati wa Vita vya Maji Maji, Nduna Songea Mbano alijificha katika pango la Chandamali. Pango halikumwokoa. Mwaka 1906 alinyongwa, kama walivyonyongwa wenzake. Hakuacha boma la mawe, ila mji mzima unaitwa kwa jina lake.

Mjomba sasa anataka kuongeza kozi mbili za tofali. Nimemwambia afadhali ampe jirani ufunguo wa akiba, na siku jirani akipiga yowe, yeye awe wa kwanza kutoka. Ameniangalia kama mwendawazimu. Wewe msomaji, ungempa?