Mikoko ya Gazi na Watoto wa Baba Mmoja

Usiku mmoja, baada ya darsa ya Magharibi hapa Waa, kijana mmoja aliniuliza suala ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Alikuwa ametoka Gazi siku ile. Akasema: "Sheikh, kule nimeuona mkoko, na muia, na mkandaa, nami nimeambiwa kuwa ni miti ya ukoo mmoja. Yaishi pamoja katika tope moja. Mbona sisi watoto wa baba mmoja tumeshindwa na shamba moja la minazi?" Waliohudhuria walinyamaza, kwani kila mmoja aliijua kesi aliyoikusudia.

Mwenye haraka angejibu: igeni miti. Mimi sisemi hivyo kabla ya kujua miti yenyewe yakaaje.

Darwin, mtaalamu wa Uingereza, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1859 kwamba mashindano huwa makali zaidi baina ya walio karibu kwa nasaba, kwa kuwa haja zao ni zile zile. Kwa hisabu hiyo, mmoja katika mikoko hii angaliwamaliza wenziwe zamani. Haikuwa hivyo. Mkoko, kwa mizizi yake iliyosimama mfano wa magongo, hustahimili maji mengi ya kando ya mkono wa bahari. Mkandaa huvumilia chumvi ya juu, ambako maji hayafiki kila siku. Muia mara nyingi huwa kati yao. Hata hivyo mipaka hiyo haina ukuta, na pengi huchanganyika.

Iko na sababu nyingine, nayo ni adui. Kaa hula miche kabla haijashika mizizi. Na kuhusu misitu ya nchi za joto, Janzen mwaka 1970 na Connell mwaka 1971 walitoa rai kwamba wadudu na maradhi ya mti hukusanyika chini ya mti mama, watoto wake wakafa hapo, na mti wa namna nyingine ukapata nafasi. Rai hiyo haikuthibiti kila mahali kwa kadiri moja, lakini ina nguvu.

Basi mkoko haukumwachia muia nafasi kwa ihsani. Ulizuiwa. Je, amani ya kuzuiwa ina thamani? Baadhi ya wenzetu walisema haina, kwani la maana ni nia. Mimi nahitilafiana nao. Mti hauna takalifu. Sisi tunayo, na juu ya hayo tumewekewa mipaka. Sharia ya mirathi haikungoja ndugu wapendane. Mafungu yalitajwa kabla ya ugomvi. Tangu viwanja vya pwani kupanda bei, ni dada wangapi huambiwa wasubiri "mpaka nyoyo zitulie", na huku shamba lauzwa? Nyumba ile ni kimya, na dhuluma imo ndani yake.

Huko Gazi mikoko ilikatwa sana katika miaka ya 1970 kwa kuni za viwanda. Ilipoanza kupandwa tena mwaka 1991, pengi ulipandwa mkoko peke yake. Baadaye miche ya muia na mkandaa ikaota humo bila ya kupandwa na mtu. Tangu 2013 watu wa Gazi na Makongeni wanalinda hektari 117 kwa mradi wa Mikoko Pamoja.

Juma lililofuata nilimweleza kijana haya. Akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza nani atakwenda na dada yake kwa kadhi. Nimemwambia nitakwenda mimi.