Kikombe cha Kahawa katika Nyumba ya Sanaa

Swali nililetalo hapa laweza kuonekana dogo. Mtu apitaye kila asubuhi katika nyumba ya sanaa ili anywe kahawa, kisha ashike njia ya kazini, je, ni mgeni wa sanaa au ni mgeni wa kahawa? Wapo wasemao kwamba kahawa huishusha sanaa hadhi, kwamba kinyago kikisimama karibu na meza ya vikombe hugeuka kuwa pambo la wanywaji. Wengine hujibu kwamba nyumba isiyo na kinywaji haina watu, na kwamba sanaa isiyo na watu ni mbao na rangi tu. Mimi naona pande zote mbili zimelikwepa jambo lenyewe, nalo ni kiti. Nani aweza kukikalia?

Dar es Salaam ilipata Nyumba ya Sanaa mwaka 1972, kwa juhudi za Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll, na mwaka 1983 Mwalimu Nyerere akaifungulia jengo jipya katikati ya mji. Wasanii walichora na kuchonga humo humo, na palikuwapo pahali pa kula na kunywa. Mfanyakazi aliyeshuka basi aliweza kuingia, akaketi, akatazama. Wala tusimcheke kwa kuwa alifuata kikombe. Aingiaye mara moja kwa mwaka akiwa amevaa nguo za sherehe hutazama kwa haraka, tena kwa woga wa kuonekana hajui. Apitaye kila siku hana la kuogopa. Kinyago kile kile hukiona kabla ya mvua na baada ya mvua, akiwa na furaha na akiwa na deni, mpaka siku moja akagundua kwamba midomo ile, ambayo alidhani inacheka, haicheki. Hiyo ndiyo elimu ya sanaa, na haipatikani kwa kusimama.

Lakini kiti kina bei. Anunuaye kikombe amenunua na ruhusa ya kukaa, na asiyeweza kukinunua husimama mlangoni. Hapo tumkumbuke George Lilanga, Mmakonde, ambaye kazi zake zilikuja kusifiwa Ulaya na Marekani. Katika Nyumba ya Sanaa alianza kama mlinzi wa usiku. Mwenye kipaji alikuwa langoni, na ilitosha mtu amwulize anachora nini. Je, ni wangapi ambao hawajaulizwa?

Kahawa yenyewe haikuzaliwa na tabia hii ya kubagua. Kwa Wahaya, buni zilizochemshwa na kukaushwa hupewa mgeni azitafune, na zamani watu wawili waliotaka kuwa ndugu wa damu waligawana buni mbili zilizotoka katika tunda moja. Pwani, muuza kahawa huja na birika lake juu ya mkaa, akigonganisha finjani, na benchi moja humchukua shehe, mchukuzi na karani. Hapo hutungwa mashairi na kujibizwa, na bao huchezwa. Watawala walilijua jambo hili mapema kuliko sisi. Mwaka 1511 liwali wa Makka, Khair Beg, aliipiga kahawa marufuku, na mwaka 1675 Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza aliamuru migahawa ya kahawa ifungwe, kisha akaifuta amri hiyo kabla haijatekelezwa. Hawakuiogopa kahawa. Waliliogopa benchi.

Sasa nipime jambo hili kwa mtu wa kwetu. Ruhembe, katika Wilaya ya Kilosa, njiani baina ya Mikumi na Kidatu, ni nchi ya miwa. Shamba huchomwa moto kabla ya kuvunwa, na mkata miwa hurudi nyumbani na masizi mpaka kwenye kope. Mtu huyu akifika Dar es Salaam kumtazama mwanawe, akapita mbele ya nyumba kama ile, ataingia? Hakuna askari atakayemzuia. Atasoma bei iliyoandikwa ukutani, atazitazama kucha zake, ataendelea na safari. Na vinyago vilivyomo humo ndani ni vya watu walioshika jembe na panga kama yeye. Tulipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, hatukusudia utamaduni wa watu hao uhifadhiwe mahali ambapo wenyewe wataona haya kukaa.

Sisemi kahawa iondolewe. Nyumba hulipiwa, na wasanii hula. Nasema kila nyumba ya sanaa tutakayoijenga iwe na benchi la nje, upande wa barabara, penye kivuli, na kazi nzuri kuliko zote zielekezwe upande huo, si ndani penye meza. Muuza kahawa wa birika aruhusiwe kuketi hapo bila kufukuzwa na mgambo, na auze kwa bei yake ya mtaani. Kahawa iwe chungu kama desturi. Kashata ziwepo pia, kwa kuwa sukari yake yaweza kuwa imetoka Ruhembe, na aliyeikata ana haki ya kuionja akiwa ameketi.