Mnyoo Haubishi Hodi

Jirani yangu mmoja hapa Kihonda, mjini Morogoro, ana binti asomaye chuo kikuu. Jioni moja binti huyo alikuja kwangu, akaniamkia shikamoo, akaomba nimpatie makala kadhaa zilizokuwamo katika kompyuta yangu, kwa kuwa tasnifu yake ilikuwa inangojewa. Nilimpa kwa moyo mweupe. Nilichomeka flashi yake, nikamtilia makala zile, nikamrudishia, na kila mmoja akamshukuru mwenzake. Siku mbili baadaye alikwenda kuchapisha tasnifu katika duka la steshenari, akakuta folda zake zote zimegeuka alama za njia ya mkato zisizofunguka. Alidhani kazi ya miezi minane imepotea. Akakesha hata alfajiri akiandika upya sura ya nne kwa kukumbuka.

Sababu ya mkesha ule ilikuwa mimi. Kwa majuma matatu nilikuwa nimeziona alama hizo hizo katika kompyuta yangu, nami nilinyamaza. Nilipozibonya folda zilifunguka, kazi zangu zilikwenda, basi sikujisumbua. Tangu hapo nimejiuliza swali ambalo halikunitoka: je, nilimkosea binti yule, au sote wawili tulikosewa na mtu tusiyemjua, aliyetunga mnyoo ule akiwa mbali?

Wajuzi wa kompyuta hutofautisha kirusi na mnyoo. Kirusi hujishikiza katika programu nyingine na kungoja mtu aiendeshe. Mnyoo ni programu kamili ijitegemeayo, nayo hujizidisha na kujipeleka toka mashine hii hata mashine ile, aghalabu kwa njia ya mtandao, pengine kwa flashi. Kwetu mgeni hubisha hodi, akangoja, akakaribishwa. Hata adui mwenye adabu hubisha hodi. Mnyoo haubishi. Ule ulionipata mimi ulikuwa na hila zaidi: huzificha folda za kweli, huweka mahali pake alama zenye majina yale yale, na mtu abonyapo, mnyoo huamka kwanza, kisha humfungulia folda yake ili asishuku neno. Ni mwizi aliyevaa kanzu ya ndugu, na mwenye nyumba ndiye amwitikiaye karibu.

Mnyoo wa kwanza kuitikisa intaneti ulifunguliwa tarehe 2 Novemba 1988 na Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani. Ilikadiriwa kuwa mashine 6,000 hivi zilielemewa, kati ya 60,000 zilizokuwa zimeunganishwa wakati ule. Morris alisema hakukusudia madhara. Mahakama haikumwona mharibifu wa kawaida, walakini haikumwachilia: mwaka 1990 alipewa miaka mitatu ya uangalizi, saa 400 za kazi za jamii na faini ya dola 10,050. Alipokata rufani, majaji walishikilia kuwa yatosha kwamba alikusudia kuingia pasipo ruhusa. Haikuhitajika kuthibitisha kwamba alikusudia pia kuharibu. Hukumu hiyo nimeirudia mara nyingi fikirani, nikitafuta mahali pangu ndani yake. Sikupaona. Mimi sikukusudia kuingia kwa mtu wala kuharibu. Kosa langu, kama lilikuwapo, lilikuwa la aina nyingine, na ili kulifahamu sikuhitaji kwenda Marekani. Nilihitaji kuinua macho tu.

Mbele ya mji wetu imesimama Milima ya Uluguru. Mto Morogoro hushuka kutoka huko ukapita katikati ya mji, na Mto Ruvu, ambao nao huchota maji yake katika milima hiyo, ndio unywesha sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Mkulima wa juu akifyeka mteremko hata ukingo wa mto, mvua ya masika haikubali udongo wake ubaki shambani mwake. Hushuka nao. Mtu anywaye maji ya tope bondeni hajui jina la mkulima, wala mkulima hajui jina la mnywaji, na baina yao hapana chuki hata kidogo. Je, mkulima ana hatia? Mwaka wa kwanza, pengine hana. Lakini akishauona mto umegeuka rangi chini ya shamba lake, naye akafyeka tena, hawezi kusema kuwa mvua ndiyo mkosaji. Hivyo ndivyo nilivyo mimi. Hatia yangu haikuanza siku mnyoo ulipoingia. Ilianza siku nilipoziona alama zile nikanyamaza.

Na wengi wetu tungeweza kuona mapema kuliko tunavyokiri. Mnyoo ulioitwa Blaster ulilipuka tarehe 11 Agosti 2003, ilhali kiraka cha kuziba tundu lake kilikuwa kimetolewa tangu tarehe 16 Julai. WannaCry, ulioelemea hospitali za Uingereza tarehe 12 Mei 2017, ulipitia tundu lililokwisha kutolewa kiraka mwezi Machi. Dawa ilikuwa dukani, wagonjwa hawakwenda kuichukua.

Sitaki kuwahukumu wasio na uwezo. Najua vijana wanaozima masasisho kwa sababu bando ni ghali na sasisho moja laweza kulimeza lote. Najua pia kuwa kompyuta nyingi zitumiwazo mjini zina nakala za Windows zisizo halali, na ambaye nakala yake si halali mara nyingi huzima masasisho kwa hofu. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, msaada wa kawaida wa Windows 10 umekoma, na wako wenye mashine za zamani zisizoweza kupokea mfumo mpya. Umaskini ni udhuru wa kweli. Walakini gharama ile ambayo mtu hakuilipa haipotei. Imehamia kwa mwingine, ambaye huenda ni maskini kuliko yeye. Binti yule aliilipa kwa usiku mmoja.

Nilipoamua kusafisha nyumba yangu, nilijifunza kuwa usafi una utaratibu wake. Kwanza nilikata mtandao, ili mgonjwa asitembee. Kisha niliomba kompyuta safi ya rafiki, nikatengeneza humo flashi yenye programu ya kuchunguza virusi inayojiwasha yenyewe, kwa kuwa mfumo uliokwisha kushikwa hauaminiki kujichunguza. Mnyoo ulio macho huweza kumdanganya askari aliyemo ndani ya nyumba ile ile. Niliamuru mashine ionyeshe faili zilizofichwa, na hapo folda zote zikatokea, nzima, zimefifia tu kama vivuli. Nilicheka kwa uchungu. Tasnifu ya binti nayo haikuwa imefutwa hata neno moja. Mkesha wake ulikuwa wa bure.

Hapa Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya kunusa mabomu ya ardhini. Panya ni mwepesi, hupita juu ya bomu pasipo kulilipua, na hukwaruza ardhi mahali aliponusa. Lakini panya haondoi bomu. Hilo ni kazi ya mtu. Tena hunusa harufu aliyofundishwa tu. Programu za kuzuia virusi hufanana naye sana: hutambua zaidi kile kilichokwisha kujulikana, na kukuonyesha mahali si sawa na kukuondolea. Kwa sababu hiyo sikuridhika na jibu la programu kwamba mashine ni safi. Nilihamisha maandishi yangu peke yake, nikaacha programu zote, nikafuta diski nzima na kuweka mfumo upya, jambo ambalo mafundi wetu huliita kupiga Windows. Nilibadili maneno ya siri kwa kutumia mashine nyingine. Nikafungua akaunti ya kazi za kila siku isiyo na mamlaka ya kuweka programu, nikazuia flashi zisijiendeshe zenyewe, na nakala ya akiba nikaitia katika diski ambayo hukaa kabatini, haikuunganishwa na kitu.

Lakini je, jirani asiyesafisha asafishwe kwa nguvu? Swali hili lilijaribiwa. Tarehe 18 Agosti 2003, juma moja baada ya Blaster, ulitokea mnyoo mwingine, Welchia, ambao uliingia kwa tundu lile lile, ukamfuta Blaster, ukapakua kiraka na kuliziba tundu. Aliyeutunga yamkini alijiona mganga. Matokeo yake, mitandao ilisongwa na msongamano wa mnyoo huo mwema. Katika Uluguru tuliwahi kuonja tiba ya namna hiyo. Udongo ulikuwa kweli unamomonyoka, nayo serikali ya kikoloni ikawalazimisha Waluguru kuchonga matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa nzito, matuta yaliibua udongo wa chini usio na rutuba, na watu walihofia ardhi ya koo zao. Mwaka 1955 huko Matombo wakakataa. Risasi zikapigwa, mtu akafa, na mpango ukaachwa. Waliokuja na matuta walikuwa na haki juu ya udongo. Juu ya mlango hawakuwa nayo.

Sheria yetu ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo huharamisha kuingia katika mfumo wa kompyuta wa mtu pasipo haki. Ziko nchi zilizotafuta njia ya kati: mwezi Aprili 2021 mahakama moja ya Texas iliiruhusu FBI kuingia katika mamia ya kompyuta na kufuta milango ya siri iliyoachwa na wadukuzi, wenyewe waarifiwe baadaye. Nakubali kuwa hapo palikuwa na hakimu. Hata hivyo sina raha. FBI ilifuta milango ile tu, haikuziba matundu. Na mwenye nyumba asiyejua kilichotendeka kwake hajifunzi kufunga.

Basi nilichukua flashi yangu safi, nikaenda kwa jirani. Nilibisha hodi. Mama mtu aliitika karibu, nikaketi, nikamweleza binti yake yote, pamoja na majuma yangu matatu ya kimya. Alinisikiliza, macho chini.

"Baba, si neno," alisema. "Lakini flashi ile nami nimewaazima wenzangu wanne."

Tuliandika majina yao nyuma ya bahasha. Watatu tuliwapata kwa simu jioni ile ile. Wa nne alikuwa amekwenda Mgeta kuhoji wakulima, na kompyuta yake alikuwa nayo. Simu yake haikupatikana hata usiku, na asubuhi binti alikwenda kuuliza gari la Mgeta huondoka saa ngapi.