Nani Amekupima?

Andiko: 2 Wafalme 1:1–4; Isaya 38:1–21



Kabla sijaingia katika huduma nilikuwa nauza viatu. Safari moja ya kuagiza mzigo Guangzhou nilipitia Hong Kong, nikapata saa chache za bure, nikapanda treni hadi hekalu la Wong Tai Sin, upande wa Kowloon. Watu walijaa kama sokoni. Wamepiga magoti, na kila mmoja ameshika mkebe wa mwanzi wenye vijiti 100 vilivyoandikwa nambari. Mtu anasema swali lake moyoni, anatikisa mkebe, chaka chaka chaka, mpaka kijiti kimoja kidondoke. Anachukua nambari ile na kwenda kwenye vibanda vya wafasiri. Huko analipa, anasomewa shairi la nambari yake, anaambiwa maana: biashara, ndoa, safari, ugonjwa.

Karibu nami alikuwa mama mmoja. Kando ya magoti yake kulikuwa na bahasha kubwa ya hospitali, zile za picha za eksirei. Alitikisa mkebe huku analia. Nilimhurumia, na kusema ukweli, nilimdharau kidogo. Nikajiambia, sisi tuna Roho Mtakatifu.

Kuuliza habari za ugonjwa pale si jambo geni. Mwaka wa 1915 mtu aitwaye Leung Renyan alileta picha ya Wong Tai Sin kutoka Guangdong, akafungua duka la dawa za mitishamba mtaa wa Wan Chai, na madhabahu humo humo. Mgonjwa aliomba, akatikisa vijiti, na nambari ikamwonyesha dawa.

Mimi nilisomea biashara, na mwalimu wetu wa uhasibu alituchosha na swali moja: ukiletewa ripoti ya stoo, kabla hujafurahi, uliza nani alihesabu. Ripoti inaweza kuandikwa vizuri sana na mtu ambaye hajafungua hata mlango wa stoo. Hilo ndilo shida ya kijiti. Kinakupa jibu bila kukutazama.

Chukua mwaka wa 2003. Mwaka mpya wa Kichina, afisa wa serikali Patrick Ho alichukua kijiti kwa niaba ya Hong Kong yote, katika hekalu la Che Kung, Sha Tin. Kikatoka nambari 83, ishara mbaya. Baada ya wiki chache ukaingia ugonjwa wa SARS, ukaua watu 299 mjini humo, wakiwemo wahudumu wa hospitali. Wengi walisema kijiti kilijua. Sawa, tuseme kilijua. Je, kilimwambia mtu yeyote anawe mikono? Kilimtenga mgonjwa hata mmoja? Waliopambana na ugonjwa ule ni watu waliokaribia wagonjwa, wengine mpaka wakafa.

Sasa turudi nyumbani, maana sikuandika haya ili tuwacheke Wachina.

Kesha moja la kuvuka mwaka, mimi na mke wangu tulichukua kadi ya ahadi kutoka kwenye kikapu, kama tunavyofanya wengi wetu. Yetu ilikuwa Yeremia 30:17, Mungu akiahidi afya na kuponya majeraha. Wiki ile mke wangu alikuwa ameniambia kuna kivimbe kwenye titi lake. Nilishangilia. Nikamwambia, mama, Bwana ameshajibu. Januari ikapita, Februari, Machi. Tulienda kupimwa Aprili. Daktari alisema tumechelewa, ila bado kuna la kufanya. Matibabu yalikuwa marefu. Leo anaendelea vizuri, na ni yeye aliyeniruhusu niandike haya.

Jioni moja tukitoka hospitali aliniambia neno ambalo bado linanichoma: "Baba, ulitaka kadi inijibu ili wewe usiingie na mimi kwa daktari."

Ni kweli. Niliogopa, nikaiita hofu yangu imani. Nikamkumbuka yule mama wa Hong Kong. Yeye angalau alikuwa na picha za hospitali kwenye bahasha. Mimi sikuwa na kitu, nilikuwa na kadi tu.

Je, ni dhambi kutaka kujua kama utapona? Hapana. Mfalme Ahazia alipoanguka akaumia, swali lake lilikuwa la kila mgonjwa. Kosa lake ni kumruka Mungu wa Israeli na kutuma watu Ekroni kwa Baal-zebubu. Kwa nini aende mbali hivyo? Naona ni kwa sababu Mungu aliye hai angemuuliza habari za maisha yake. Sanamu haiulizi maswali. Kijiti pia hakiulizi. Na kadi yangu, kwa vile nilivyoitumia, haikuuliza.

Mtu atasema, pasta, mbona mitume walimpata Mathiya kwa kura? Ndiyo, Matendo 1. Lakini sura ya 2 Roho akashuka, na baada ya hapo kitabu hicho hakituonyeshi tena mitume wakipiga kura. Walisali, walifunga, walikaa pamoja wakajadiliana.

Tena mtazame Hezekia. Yeye alikuwa na ahadi ya hakika kutoka kinywani mwa nabii: miaka 15 zaidi. Hata hivyo Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Lazima kuna mtu aliyefunua lile jipu, akaliangalia, akaligusa. Ahadi ya Mungu haikumzuia mtu kumkaribia mgonjwa.

Kwa hiyo kadi za ahadi sisemi tuzitupe. Neno ni Neno. Lakini Disemba hii ukichukua yako, igeuze, na nyuma yake uandike tarehe utakayoenda kupimwa lile jambo unalolijua wewe na Mungu. Chini yake andika jina la mtu atakayekusindikiza. Na ndugu yangu mume, kama mwenye jambo ni mke wako, jina hilo liwe lako.