Ndoo Isiyo na Mlinzi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla askari wa usiku hajakabidhi funguo, ndoo nyeupe ya mandazi huwa imekwisha kufika ghorofa ya pili ya jengo letu mjini Nakuru. Kando yake hukaa chupa ya chai ya maziwa, vikombe, paketi ndogo za njugu, na trei ya mayai ya kuchemsha pamoja na chumvi iliyofungwa kwenye karatasi. Kuna pia mkebe wa majani ya chai uliotobolewa kifunikoni, na kipande cha boksi kilichoandikwa bei na nambari ya Lipa na M-Pesa. Mwenye biashara hayupo. Akishatua mizigo hushuka, akapanda bodaboda hadi Soko la Wakulima ambako ana meza ya mboga, na harudi mpaka saa nane mchana kuchukua vyombo na chochote atakachokikuta mkebeni.

Nimekula mandazi hayo miaka mitatu, na swali halijaniacha: mama huyu anafanya nini hasa anapotuachia ndoo yake? Anauza? Anakopesha? Anatupima? Wenzake sokoni wanamwambia anacheza na mtaji, na wana methali upande wao: mali bila daftari hupotea bila habari. Ni methali ya watu waliofanya biashara wakaumia. Mimi hunishika neno lake la mwisho. Hasara peke yake mfanyabiashara ameizoea. Kinachomkera ni hasara isiyo na habari. Saa nane mama akihesabu anajua amepungukiwa shilingi 80, ila hajui zimepungulia kwa nani. Hasara yake haina uso.

Wala si hasara ndogo. Alinipigia hesabu siku moja kwa vidole. Andazi analiuza shilingi 10, na unga, mafuta, sukari na makaa humla kama shilingi 7. Mandazi 100 yakilipiwa yote, anabaki na shilingi 300. Yakilipiwa 90, anabaki na 200. Ni nani asiyeusifu mji ambamo watu tisa katika kumi ni waaminifu? Hata hivyo kwa mama huyu theluthi ya faida imekwenda. Yakilipiwa 70, amefanya kazi tangu saa tisa usiku bure. Kwa hiyo anayesema kwamba kuaminiana hakugharimu kitu hajawahi kukanda unga wa kuuza. Imani ya mama huyu ina bei, na anailipa yeye.

Mwaka 1984 mchumi mmoja wa Marekani, Paul Feldman, aliacha kazi yake ya ofisini akaanza biashara ya namna hii hii katika maofisi ya eneo la Washington: asubuhi anaacha mikate ya duara iitwayo bagel na chombo cha pesa, mchana anarudi kukusanya. Kwa kuwa alikuwa mtu wa takwimu aliandika kila kitu, na madaftari yake yakaja kuchambuliwa na mwanauchumi Steven Levitt. Wengi walizisoma habari zake katika kitabu Freakonomics cha mwaka 2005. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 malipo yake yalizidi asilimia 90. Kufikia 2001 yalikuwa 87. Ofisi ndogo zililipa vizuri kuliko kubwa. Kikapu cha wazi cha pesa hakikumfaa, kwa sababu pesa zilitoweka, ndipo akachonga masanduku ya mbao yenye tundu. Kila mwaka alikuwa akiacha masanduku kama 7,000, na kwa wastani aliibiwa moja tu.

Yaani watu wale wale ambao zaidi ya mmoja katika kumi yao alikula bila kulipa, karibu hawakuligusa sanduku. Thamani ya mkate na thamani ya sarafu ni sawa, lakini mkono unajua tofauti. Kuchukua sanduku kuna jina, na kila mtu analijua jina hilo tangu utotoni. Kula andazi na kuondoka hakuna jina moja, kuna majina mengi mepesi: nitalipa kesho, sina chenji, nina noti ya mia mbili na mkebe hautoi chenji. Kisingizio hiki cha mwisho simu ilipaswa kukizika. M-Pesa ilianza tarehe 6 Machi 2007, na leo anayelipa kwa nambari ile ya kwenye boksi hatozwi hata senti ya ada, awe analipia andazi moja au kumi. Hata hivyo mapungufu hayakuisha. Basi tatizo halikuwa chenji.

Hapa wanafalsafa huja na hadithi ya pete. Katika kitabu cha pili cha Jamhuri ya Plato, Glaucon anasimulia juu ya mchungaji wa Lydia aliyeokota pete ambayo akiigeuza kidoleni haonekani. Mchungaji yule anaingia ikulu, anamtongoza malkia, anamuua mfalme, anatwaa ufalme. Mpe mtu yeyote pete hiyo, anasema Glaucon, atafanya yale yale. Tunaoitwa waadilifu tuna hofu tu ya kuonekana. Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani ndoo yetu ndiyo pete. Kila mfanyakazi anayefika mapema ghorofa ya pili anavishwa pete kwa dakika kumi, na hakuna atakayejua.

Lakini tazama kinachotokea. Wengi wanalipa, peke yao, korido ikiwa tupu, sarafu ikilia ndani ya mkebe bila sikio jingine la kuisikia. Na wale wachache wasiolipa hawana nia yoyote ya kumuua mfalme. Ni watu wanaosomesha watoto wa ndugu zao, wanaochanga matanga yakitokea, wanaorudisha pesa zikitumwa kimakosa kwenye simu zao. Ukiwaita wezi utakuwa umekosea, na si kwa sababu ya upole. Utakuwa umeeleza vibaya kilichotokea.

Nimefikia kuamini kwamba Glaucon aliivisha pete kidole kisicho chake. Pale ghorofani asiyeonekana ni mama. Jasho la saa tisa usiku halionekani, wala gunia la makaa lililopanda bei, wala meza ya mboga anayoikimbilia. Kinachoonekana ni ndoo, na ndoo haina njaa wala karo ya kulipa. Mtu anapochukua andazi na kusema atalipa kesho, hajajificha machoni pa mwenye mali. Mwenye mali ndiye amefichika kwake.

Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle huko Uingereza, Melissa Bateson na wenzake, walibandika juu ya orodha ya bei za chai na kahawa picha ya macho wiki moja, na picha ya maua wiki iliyofuata, wakaendelea kupokezana hivyo. Wiki za macho watu walilipa karibu mara tatu ya wiki za maua. Majaribio ya wengine baadaye hayakutoa jibu moja, na wapo wanaoona kwamba macho yale yanamthibitisha Glaucon, kuwa hofu ndiyo iliyolipa. Mimi sioni hivyo. Macho ya karatasi hayawezi kumshtaki mtu kwa yeyote, na kila mnywa chai alilijua hilo. Kazi yao ilikuwa kumkumbusha kwamba upande wa pili wa kikombe kuna mtu. Ndiyo maana pia ofisi ndogo za Feldman zilimlipa vizuri: penye watu wachache, hata aliyeondoka anakuwa bado yupo.

Huku kwetu Bonde la Ufa wakulima wanaijua pete hii kuliko mtu yeyote. Asubuhi, barabara za Njoro, Molo na Elburgon zina mikebe ya maziwa iliyosimama kwenye lango la shamba ikingoja gari. Maziwa yanapimwa, lita zinaandikwa, na malipo yanangojwa hadi mwisho wa mwezi. Huo ni mfumo wa kuaminiana mkubwa kuliko ndoo yoyote ya mandazi, tena imani yote inapanda juu, kutoka kwa mwenye ng'ombe wawili kwenda kwa kampuni. Kampuni ya maziwa ya KCC, iliyoanza mwaka 1925, ilipoyumba na kuanguka miaka ya 1990, wafugaji walibaki na vitabu vyao vya lita mkononi, mpaka serikali ilipoifufua mwaka 2003 kwa jina la New KCC. Daftari lilikuwepo, la kila lita na kila siku, na mali ilipotea vilevile. Kwa hiyo methali haijasema yote. Kuna hasara ambayo habari zake zimeandikwa vizuri, ila anayedai haonekani kutoka dirisha la ofisi anayoidai.

Tena mji huu una sababu nzito ya kulifikiria neno uso. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipofika Nakuru na Naivasha, watu waliokuwa wakikopeshana unga na chumvi waligeuzwa majina ya makabila kwa siku chache tu. Sitaki kuikokota misiba hiyo hadi kwenye ndoo ya mandazi. Si ya kipimo kimoja. Nasema tu kwamba nilipoona vibanda vya mtaani kwetu vikifungua tena madaftari ya deni, na jina la aliyekimbia likiandikwa upya chini ya jina la aliyebaki, niliona kazi ngumu kuliko mikutano mingi ya amani niliyohudhuria.

Nikumbuke pia biashara moja ya kale sana ya upande wetu wa dunia. Katika karne ya 6, Cosmas, mfanyabiashara wa Aleksandria, aliandika jinsi wachuuzi kutoka Aksum walivyokwenda nchi ya Sasu kutafuta dhahabu. Walizungusha boma la miiba, wakaweka juu yake vipande vya nyama, chumvi na chuma, kisha wakasogea mbali. Wenyeji walikuja, wakaweka vipande vya dhahabu juu ya walichokipenda, nao wakasogea. Mwenye nyama akiridhika aliichukua dhahabu. Asiporidhika aliiacha, na mwenye dhahabu akija aliongeza au akaichukua yake akaenda. Hawakuelewana lugha. Kila mmoja kwa zamu yake aliachiwa mali yote peke yake, ya kwake na ya mwenzake, na biashara ikaendelea. Nikiifikiria picha hiyo naona kwamba zile hatua za kurudi nyuma zilikuwa namna ya kusema: najua upo, nakupisha.

Kiswahili kina neno la jambo hili, amana, kitu kilichowekwa kwako na mwenyewe ambacho bado ni chake. Limetoka shina moja na kuamini na uaminifu, na nadhani shina hilo linajua mpangilio ambao sisi huupindua. Twadhani kwanza mtu ni mwaminifu, ndipo anaaminiwa. Lakini nani amewahi kuwa mwaminifu kabla hajakabidhiwa kitu? Kabla ya ndoo kufika ghorofani, hakuna kati yetu aliyekuwa mwaminifu wala asiyekuwa. Mama ndiye aliyetangulia, kwa shilingi zake saba kwa kila andazi.

Mwaka jana, wakati wa mvua ndefu, nilichukua mandazi manne na chai Ijumaa moja, simu imezima chaji, mfukoni sina kitu. Nitalipa Jumatatu. Jumatatu nilikuwa safarini Eldoret, na wiki ya pili ilinikuta nikilalamika na wenzangu juu ya watu wasio na haya wanaomla mama wa watu. Nililalamika kwa moyo wote. Nilikumbuka deni langu mwezi mmoja baadaye, barabarani, nilipomwona amesimama na ndoo tupu akisubiri bodaboda, na mbele ya uso wake yale mandazi manne yakanirudia yote, na chai yake.

"Mama, nina deni lako," nikamwambia. "Shilingi 60."

"Najua ziko," akasema. Hakuuliza za lini. "Zilikuwa kwako tu, baba."

Alizipokea, akazitia kwenye mfuko wa aproni, akapanda pikipiki. Kesho yake mandazi yalikuja 100, kama kawaida.