Damu Zikigongana

Vijana wenzangu, leo tuongelee mapenzi, ila si yale ya kuandikiana barua. Mimi nina kinasaba kimoja cha selimundu. Siumwi, mpira nacheza kama kawaida. Nilipimwa kwa sababu mdogo wangu ni mgonjwa. Yeye alirithi viwili, kimoja kwa baba, kimoja kwa mama, nao wote wazima kama mimi.

Hesabu yake haina huruma. Wawili wa aina yangu wakizaa, kila mimba ina robo ya uwezekano wa kuleta mgonjwa. Kila mimba, jamani! Si kwamba wa kwanza akiumwa basi watatu wanaofuata wamesalimika.

Washikaji kijiweni hawazunguki: "Oa kwingine, yaishe." Wengine wanadai kuzaa huku unajua ni ukatili. Kauli hiyo inanikwama kooni, maana mdogo wangu naye ana masikio. Ukisema wazazi wetu hawakupaswa kumzaa, umemwambia nini yeye, anayenifunga bao kila Jumapili na kubishana Simba na Yanga mpaka usiku? Lakini pia nimemwona akilia kwa maumivu ya mifupa hadi sauti ikakauka. Hilo nalo siwezi kulifunika kwa maneno matamu.

Wapo wanaosingizia ukoo wa mama. Upuuzi mtupu, kwani pasipo kinasaba cha baba mtoto asingeugua. Tena kimeenea kwetu kwa sababu anayebeba kimoja hukingwa na malaria kali, jambo alilolionyesha Anthony Allison mwaka 1954 baada ya utafiti wake Afrika Mashariki. Huenda ndicho kilichomwokoa babu utotoni.

Saudi Arabia, tangu 2004, wachumba hupimwa kwa lazima kabla ya ndoa. Majibu yakigongana hawakatazwi kuoana. Hapo naona busara, ingawa lazima ya serikali katika mambo ya damu inanitia wasiwasi. Deni ninalolikubali mimi ni kusema mapema. Ukingoja kadi za harusi zigawiwe ndipo utaje majibu, umemnyang'anya mwenzio nafasi ya kukataa.

Binti nimpendaye nimeshamwambia. Yeye bado hajapima. Vikigongana, tunaweza kulea mtoto wa kuasili, au kuthubutu, au kuachana. Nilimuuliza mdogo wangu angefanyaje. Akacheka: "Kaka, kwanza umemuuliza kama anataka watoto?"