Ushahidi wa Nusu

Je, yamkini mtu akasema maneno ya kweli tupu, kisha jumla ya maneno yake ikampoteza msikiaji? Swali hili si la mahakamani tu. Twaliona pia katika kazi ambayo wengi wetu waidharau, nayo ni kazi ya kuandika ndege.

Tangu mwaka 2013 pana mradi hapa Kenya uitwao Kenya Bird Map, ambao Makavazi ya Taifa ni miongoni mwa washirika wake. Nchi imegawanywa vipande vya mraba, kila kimoja kiasi cha kilomita 9 kwa 9. Mtu yeyote, awe mwalimu, mvuvi au mwanafunzi, aweza kuchagua kipande, akakizunguka kwa muda usiopungua saa mbili, na kuandika kila aina ya ndege aliyemwona, au aliyemsikia akamtambua. Hapewi ujira. Orodha hizo hulinganishwa na kitabu cha ramani za ndege cha Lewis na Pomeroy kilichotolewa mwaka 1989, ili ijulikane ni ndege gani waliozidi, gani waliopungua, na wapi.

Sharti ni kuandika kila aina, na hapo ndipo penye mtihani. Nafsi hupenda kutaja kilicho adimu, kwani hicho huleta sifa. Mtu atafanya haraka kumwandika bundi mdogo wa msitu wa Arabuko Sokoke, amwache kunguru wa jalalani. Hakusema uongo, bundi alimwona kweli. Lakini atakayeisoma orodha yake atadhani kunguru hayuko.

Na kunguru huyo ndiye hasa apasaye kuandikwa. Huyu mwenye shingo ya kijivu aliyejaa Mombasa si mwenyeji. Asili yake ni Bara Hindi. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890, akaonekana Mombasa mwaka 1947. Hula mayai na makinda ya ndege wengine, na yule kunguru wetu wa tangu zamani, mwenye kifua cheupe, amepungua sana mjini. Jambo hili lilipita mbele ya macho ya watu wote, na walioliandika ni wachache. Ukiwauliza wazee watakwambia, "Zamani walikuwa wengi." Wengi kiasi gani? Walianza kupungua lini, na mtaa gani? Kumbukumbu haina jawabu.

Huenda mtu akasema, "Basi nami nitaandika hata yule nimdhaniaye, orodha ipate kujaa." Twamjibu: aongezaye na apunguzaye ni ndugu. Mwenye shaka na aache patupu. Na patupu hapo si bure, kwani aliyetazama saa mbili kwa uaminifu asimwone ndege fulani, kutomwona kwake nako ni habari. Lakini ni habari ikiwa orodha yake imetimia. Vinginevyo kimya chake hakina maana.

Tena tuzingatie jambo moja. Aandikaye ndege wa ajabu huulizwa na wenye ujuzi: ulimwona wapi, alikuwaje? Lakini ni nani atakayemwuliza juu ya kunguru aliyemwacha? Hapo hana msimamizi ila dhamiri yake.

Haya si ya ndege peke yao. Tuulizwapo juu ya kijana aliyeposa, twataja ukarimu na nasaba yake, tukayanyamazia madeni yake. Kisha twajitetea kuwa hatukusema uongo. Ni kweli hatukusema, lakini aliyetuuliza amerudi kwao na habari isiyo sawa, na binti wa watu ndiye atakayelipa. Kweli haitimii kwa kusahihi kila neno tulilolitamka. Hutimia tunapomwacha mwenzetu aone kama tulivyoona, adimu kwa kawaida, bundi kwa kunguru.